Njia ya Moshi

Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, fundi aligongagonga mawe yote kwa kichwa cha nyundo, moja baada ya jingine, huku ameinamisha sikio. Jiwe zima hulia kwa sauti kali. Jiwe lenye ufa ndani hutoa mlio ulioziba, na kila aliposikia mlio huo alilisukuma jiwe kando, kwenye rundo la kujazia msingi. Yalikuwa mawe ya kijivu ya Ndarugu, yaliyokatwa kwa mashine machimboni upande wa Juja, ya inchi tisa kwa tisa na sita kwa tisa, mawe yale yale yaliyojenga nyumba nyingi tunazoziona kuanzia Ruiru hadi Thika. Ni jiwe lililotokana na majivu ya volkeno yaliyogandamana zamani. Hukatika kwa urahisi, hushika mota vizuri, lakini lina vinyweleo vingi na hunywa maji. Hiyo sifa ya mwisho ilikuwa na uzito wake katika kazi aliyoitiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa meko ya sebuleni, mahali pa kuotea moto, pamoja na dohani yake, katika nyumba ya mwalimu mstaafu hapa Ngoingwa, kando ya barabara itokayo Thika kwenda Mang'u. Mwalimu alitaka iwe tayari kabla ya Julai.

Anayeijua Thika kwa mananasi na jua la adhuhuri hudhani kwamba huku hakuna baridi ya kujengewa meko. Mji huu uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupanda taratibu kuelekea nyanda za juu, hupoa kadiri unavyopanda, na hutandaza wingu zito la chini ambalo laweza kukaa kutwa nzima likidondosha manyunyu tu. Kuta za mawe hazipati jua la mchana, kwa hiyo usiku hazina joto la kurudisha ndani. Watu hutoa masweta na mablanketi kabatini, hutundika mapazia mazito, hutandika zulia hata pale ambapo mwezi wa Februari walipenda kukanyaga sakafu tupu. Na wengi huingiza jiko la makaa ndani ya nyumba. Kila msimu wa baridi husikika habari za watu waliolala na jiko chumbani, madirisha yamefungwa, wasiamke. Kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu. Mwalimu alisema habari moja ya namna hiyo, ya nyumba isiyo mbali na kwake, ndiyo iliyomfanya auze ndama na kumwita fundi.

Katika nyumba ya jadi ya Wakikuyu moto ulikaa katikati, kwenye mafiga matatu, na moshi ulijitafutia njia kupitia nyasi za paa, ukizikausha na kufukuza wadudu. Nyumba za mabati na dari zimeifunga njia hiyo. Ndiyo maana fundi, alipoulizwa na mwalimu kama meko ingetoa moto wa kutosha, alijibu juu ya jambo jingine kabisa. "Kuwasha moto si kazi, mwalimu. Kazi ni moshi."

Alichora ukutani kwa chaki. Mdomo wa meko: inchi 36 kwa upana, 30 kwenda juu. Ukuta wa nyuma: inchi 18 tu. Kina: inchi 15. Kwa vipimo hivyo, kuta mbili za ubavuni haziwezi kwenda sambamba. Zinaanza karibu karibu kule nyuma na kupanuka zikija mbele, kila mmoja ukikielekea chumba kwa mshazari. Sababu yake ni hii: moto wa meko hautii chumba joto kwa kupasha hewa, kwani karibu hewa yake yote ya moto hupanda na moshi ikapotelea angani. Kinachomfikia aliyeketi ni mionzi itokayo kwenye ndimi za moto, kwenye makaa, na kwenye matofali yaliyoshika moto. Mbavu zikiwa sambamba hurushiana joto zenyewe kwa zenyewe. Zikipanuka, hulirusha mbele kwa watu.

Hesabu hii ina historia ndefu. Mwaka 1796, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyejulikana Ulaya kwa cheo cha Count Rumford, alichapisha maandishi yake kuhusu meko zilizokuwa zikijaza moshi katika nyumba za London. Alizipunguza kina, akazipanua mbavu, akalibana koo la dohani hadi likabaki na inchi nne hivi kutoka mbele kwenda nyuma. Yeye alitaka ukuta wa nyuma uwe thuluthi ya mdomo. Fundi wetu hakufika huko, na nadhani alifanya vyema: thuluthi ya 36 ni 12, na gogo la mbuni halilali vizuri kwenye inchi 12. Jina la Rumford hajapata kulisikia. Vipimo vyake alivipata kwa mzee aliyemfundisha kazi, na mzee huyo alivipata akiwa kibarua kwenye nyumba za walowezi wa kahawa na mkonge.

Hesabu ya pili aliifanya kichwani. Mdomo wa 36 kwa 30 una inchi za mraba 1,080. Njia ya moshi inatakiwa iwe sehemu ya kumi ya hapo, yaani 108. Akaandika chini ya mchoro: 12 kwa 9. "Ikipungua, moshi unarudi kumsalimia mwalimu," alisema. "Ikizidi sana, moshi unapoa njiani, unazembea."

Msingi ulikwenda haraka. Dohani ni nzito na hairuhusiwi kuegemea nyumba, kwa hiyo ilichimbiwa shimo lake, ikamwagiwa zege lenye nondo, nalo likaachwa likomae peke yake. Mtu wa mkono, kijana mnyamavu aliyekuwa akichanganya mota kwa sepetu, alilimwagia zege maji asubuhi na jioni na kulifunika kwa magunia. Fundi wakati huo alikuwa kwingine, kwenye kazi nyingine. Alirudi zege lilipokuwa gumu, akapanga mawe ya Ndarugu kufuata uzi, akaacha uwazi wa kujengea chumba cha moto ndani yake.

Hapa ndipo kazi ilipopunguza mwendo, na hapa ndipo nilipopenda zaidi kumtazama.

Jiwe la Ndarugu haliguswi na moto wenyewe. Unyevu uliofichika kwenye vinyweleo vyake ukipata joto la ghafla hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hulipasua jiwe. Kwa hiyo chumba cha moto kinavishwa matofali maalumu ya kustahimili moto, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, inchi tisa kwa nne na nusu. Simiti nayo hairuhusiwi humo, kwa kuwa joto kali huila nguvu zake ikawa unga. Fundi alikoroga udongo wa moto kwenye karai mpaka ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Hakutumia mwiko. Alilichovya kila tofali kwenye karai upande mmoja na kichwa kimoja, akalitoa, akasubiri tone la mwisho lianguke, akalikalisha mahali pake na kuligonga kwa nyundo ya mti mara mbili au tatu, hadi udongo ukachungulia kwenye kiungo na kukoma. Kiungo kilichobaki kilikuwa chembamba kiasi kwamba ukucha haungeingia. Kiungo kinene hupasuka, na ufa ndani ya chumba cha moto ni mlango wa moshi kuingia ukutani.

Kati ya ngozi hiyo ya matofali na mawe ya nje aliacha nafasi ya nusu inchi, akaijaza vipande vya katoni alivyovikata kwa kisu. Niliuliza. Matofali yakipata moto huvimba, kidogo tu, lakini huvimba kwa nguvu zisizozuilika, na yakigusana na jiwe hulisukuma mpaka lipasuke. Katoni huishikilia nafasi wakati wa ujenzi. Moto ukishaanza kutumika, katoni huungua polepole na kuacha uwazi mtupu, ambamo matofali yanapata pa kupumulia. Katika kazi nzima sikuona jambo lililonifurahisha kuliko hilo: kitu kilichowekwa kwa uangalifu wote ule ili kije kiteketee.

Ukuta wa nyuma ulisimama wima kwa mistari michache, kisha ukaanza kuinama mbele. Mbavu zikaufuata, na kila tofali la pembeni lilibidi likatwe kwa mshazari wake, kwa sababu pembe ilikuwa ikibadilika kila mstari. Fundi alichora mstari kwa msumari, akaupitia kwa tindo pande zote nne kwa mapigo mepesi, kisha pigo moja zito, tofali likatengana kana kwamba lilikuwa na mshono. Vipande vilivyokatika vibaya alivitia kwenye ndoo bila kusema neno. Alipofika juu ya linta, inchi nane kupita ukingo wake wa chini, aliacha koo: uwazi mwembamba wa inchi nne unaopita upana wote wa meko, na juu yake akakalisha fremu ya chuma yenye kifuniko cha kufungua na kufunga kwa mkono.

Nyuma ya koo kuna kitu ambacho mwenye nyumba hatakiona maisha yake yote. Ni rafu ya moshi, kijukwaa kilichobonyea kidogo katikati, kilichosawazishwa kwa mwiko mpaka kikawa laini. Upepo wa baridi unaposhuka ndani ya dohani, badala ya kuangukia motoni na kuutapisha moshi sebuleni, hutua kwenye kibonyeo hicho, hugeuka, na kupanda tena pamoja na moshi unaotoka kooni. Fundi aliipapasa rafu kwa kiganja akiwa amefumba macho, akarudi na mwiko, akaipapasa tena. Alitumia muda mrefu kwenye kipande hicho kuliko alioutumia kwenye mawe yote ya mbele.

Kutoka kooni, upana wa inchi 36 unatakiwa ubanwe mpaka 12. Alifanya hivyo kwa mistari minane ya matofali, kila mstari ukijongea ndani inchi moja na nusu kutoka kila upande. Minane mara moja na nusu ni 12, na 12 kutoka kushoto na 12 kutoka kulia huacha 12 katikati. Jambo gumu ni kuzifanya pande mbili zilingane. Upande mmoja ukiegemea zaidi, moshi huuelemea huo, na meko hutoa moshi kwenye kona moja miaka yote bila mtu kujua kwa nini. Timazi ilining'inia katikati ya uwazi kutoka kwenye kipande cha mbao, na baada ya kila mstari alipima kushoto, akapima kulia, akaigusa kamba itulie, akapima tena.

Ndipo dohani ikaanza kupanda. Kabla ya mstari wa kwanza, kijana alijaza gunia kwa nyasi kavu, akalifunga kamba na kulishindilia ndani ya njia ya moshi. Mota yoyote iliyodondoka iliangukia juu ya gunia. Kila mawe yalipopanda mistari miwili, gunia lilivutwa juu kwa kamba, likifagia kuta nyuma yake, na kilichodondoka kikatolewa kabla hakijaganda. Bila gunia hilo, vipande vya mota hurundikana kwenye rafu ya moshi, na kazi yote ile ya kiganja ingekuwa bure.

Ndani ya njia aliipaka lipu ya namna yake: chokaa, mchanga laini wa mtoni uliochekechwa, na kinyesi kibichi cha ng'ombe kutoka kwa jirani. Mama wa nyumba alipolisikia hilo la kinyesi alishtuka. "Mama, hii haitanuka," fundi alimwambia. "Ikikauka na kupata moshi, inakuwa ngumu na haipasuki." Ukweli huo waashi wa Uingereza wa zamani waliujua pia, na kila bibi wa huku aliyewahi kukandika nyumba aliujua: nyuzi za nyasi zilizomo kwenye kinyesi huishika lipu pamoja inapojikunja kwa kukauka. Na uso laini hauipi masizi mahali pa kung'ang'ania. Masizi yaliyorundikana yanaweza kushika moto yenyewe.

Penye paa alikata mabati na kuzisogeza mbao zisiikaribie dohani, akachonga mfereji mwembamba kwenye jiwe, akaingiza ndani yake ukingo wa bati bapa ili maji yasishuke. Kisha akaendelea kupanda. Kanuni yake ni kwamba dohani ipite kwa futi mbili kitu chochote kilichoko ndani ya futi kumi kuizunguka, la sivyo upepo unaoruka kigongo cha paa huangukia ndani yake. Juu kabisa aliweka nguzo fupi nne na bamba la zege la kuzuia mvua, pande zote nne wazi.

Kisha kazi ya dohani ikasimama, mwezi mzima. Mwalimu alikuwa na kuni tayari, za mibuni iliyong'olewa kwenye shamba la kahawa lililogeuzwa viwanja. Kuna mashamba mengi ya namna hiyo kati ya Ruiru na Thika siku hizi, na kuni zake ni bora: nzito, zenye moshi kidogo, zenye makaa yanayodumu. Mkewe alikuwa na gunia la maganda ya makadamia, mti ulioletwa Kenya mwaka 1946 na Bob Harries, mkulima wa karibu na Thika, ambao maganda yake huwaka kwa joto kali mno. Juni ilikuwa imeingia na wingu limeshuka. Fundi alikuja, akagusa ukuta, akasema bado. Alikuja tena, akasema bado. Maji yaliyomo kwenye mota na kwenye jiwe hutoka kwa ratiba yake, na moto unaowashwa mapema huyalazimisha kutoka kwa nguvu.

Moto wa kwanza ulikuwa wa karatasi tu. Alisokota gazeti, akaliwasha, akaliinua mpaka kooni na kulishikilia hapo, kwa kuwa dohani isiyotumika hukaa na hewa baridi nzito kama kizibo, na lazima hewa hiyo ipashwe kabla moshi haujaombwa kupanda. Mwali ulilala kidogo, ukayumba, kisha ukanyooka na kuvutwa juu kwa mvumo. Siku iliyofuata ilikuwa vijiti. Iliyofuata, vijiti vingi zaidi. Kila mara aliweka kiganja kwenye mawe ya nje, na jiwe lilipofika uvuguvugu aliuacha moto ufe. Mabaka meusi ya unyevu yalijitokeza kwenye uso wa Ndarugu, yakasambaa, yakafifia. Siku ya tano aliweka magogo matatu ya mbuni, na maganda ya makadamia konzi moja tu. Mama aliambiwa asizidishe hapo.

Katika mwezi ule wa kusubiri alikuwa amemalizia uso wa meko, mawe yaliyochongwa kwa mkono hadi yakawa na mistari midogo ya tindo, na juu yake rafu ya mbao ya mgrevilea. Wageni waliokuja waliusifia uso huo, na unastahili sifa. Walisogeza viti vikaizunguka meko, zulia likavutwa karibu, mapazia mazito yakashushwa, na chumba ambacho Julai iliyopita kilikuwa cha kupitia tu kuelekea vitandani kikawa cha kukaliwa mpaka saa nne za usiku. Fundi alimpa mwalimu maagizo yake amesimama mlangoni: aache kidirisha kimoja wazi upana wa kidole, kwa kuwa moto unavuta hewa na hewa lazima itoke mahali, asizoe majivu yote, abakize inchi moja ya kulalia makaa, asifunge kifuniko cha koo wakati kuna kaa hata moja jekundu, na kila Mei dohani isuguliwe.

Wiki kadhaa baadaye usiku mmoja upepo uligeuka, ukaja kutoka upande usio wa kawaida, na pumzi moja ya moshi ikaingia sebuleni. Moja tu. Mwalimu alimpigia simu fundi akiomba radhi kwa kumsumbua. Fundi alikuja asubuhi, akapanda juu ya paa, akakaa huko muda mrefu akiwa ameshika uzi uliolowa masizi na kuutazama unavyopepea, kisha akaziba kwa jiwe moja jembamba upande mmoja kati ya zile nne. Moto ukawashwa chini. Akangoja upepo uvume tena, akangoja sana. Uzi ukapepea, moshi ukapanda. Akashuka, akaosha mwiko kwenye ndoo, akapokea salio lake, akapanda pikipiki kwenda Ruiru, ambako kulikuwa na meko iliyojengwa na mtu mwingine na nyumba iliyojaa moshi.